Eti si kitu, shangazi

Mwenzenu silali. Wiki hii kazini kaja bosi mpya, gari limetoka gereji, wapangaji wa juu hatimaye wamehama, na hayo yote yamepita tu kama upepo, kilichonikaa rohoni ni sentensi moja ya Dogo, mtoto wa kaka yangu, ya Jumapili.

Tulikuwa tumekaa wote sebuleni, Dogo na begi lake la mawe, si mnajua ugonjwa wake wa kuokota mawe toka ile posti ya kokoto kwenye mashine ya kufulia. Akaniuliza, "Shangazi, almasi inatokana na nini?" Mimi mtu mzima, kwa kujiamini kabisa, nikamwambia makaa ya mawe yakikandamizwa miaka mingi yanageuka almasi. Akanyamaza kidogo. Afu taratibuu, "Makaa ya mawe si yanatokana na mimea iliyofukiwa?" Nikasema ndiyo. "Sasa shangazi, almasi nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 1, wakati huo nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja. Hayo makaa yalitoka wapi?"

Kaka yangu alicheka mpaka akapaliwa. Na Dogo, kwa huruma, akanigusa bega: "Si kitu shangazi, wengi wanakosea hapo."

Si kitu! Bora angenicheka kama baba'ke. Toka siku hiyo nimeshamjibu mara sita hivi, bafuni, kwenye foleni, moja nikamwambia nilikuwa nakupima tu, nyingine nikamwambia nenda kalale, na kila nikimjibu namwona ananigusa bega tena.

Jana usiku nikaingia mtandaoni kumtafutia kosa. Sikupata. Almasi nyingi zinaundwa kilomita 150 hadi 200 chini ya ardhi, ni kaboni ileile ya ncha ya penseli ila imebanwa kwenye joto kali, halafu volkano inazirusha juu haraka kabla hazijapata muda wa kugeuka grafaiti, yaani hiyo ya penseli. Makaa ya mawe yenyewe yako huku juujuu, kilomita chache tu. Basi nikakubali, kwa shingo upande.

Nikazima simu, nikaiwasha tena, maana pale mezani pana jiwe alilolisahau (au aliniachia, sijui). Graniti. Nikalimulika. Jamani mmewahi kuliangalia jiwe kwa karibu? Vile vinavyometameta ni ulanga, wekundu ule wa kupauka ni feldspa, na kile cha kijivu kama kioo ni kwatzi. Chembe ni kubwa zinaonekana kwa macho kwa sababu magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipoa polepole huko chini, ingemwagika nje ingekuwa riolaiti, jiwe la chembe ndogondogo, na ingepoa ghafla kabisa ingeishia obsidiani, kioo kitupu. Nikasoma na marumaru, kumbe ilikuwa chokaa kabla haijapikwa na kubanwa, na chokaa nyingi ni magamba ya viumbe wa baharini, yaani nimekuwa nikikanyaga makombe miaka yote hii najua ni sakafu.

Saa nane usiku nacheka peke yangu na jiwe mkononi.

Na swali nimeshapata. Kwatzi ikiwa na nafasi inaota kona sita safi kabisa, mbona kwenye graniti haina umbo lolote? Kwa sababu inaganda mwisho mwisho, wenzake wameshakaa, yenyewe inajaza mianya iliyobaki. Jumapili namuuliza mbele ya baba'ke. Naomba asijue. Au ajue, maana akijua ile sura yake ya kuelezea naipenda mno, sijui hata nataka nini.

Ila mama simu yake haipatikani toka asubuhi na jana alisema dawa za presha zinakaribia kuisha. Ngoja nijaribu ya jirani yake.