Datsun ya Mjomba na Kanga Iliyokufa Bure

Gari la mjomba wangu lilikuwa na mazoea ya kuzimika Gede. Likitoka Malindi lilikwenda kama mshale, lakini likikaribia njia panda ya Watamu lilianza kukohoa, likavuta mara mbili tatu, kisha kimya. Tukikaa chini ya mwarobaini dakika kumi, liliwaka tena kama halijafanya kitu.

Lilikuwa Datsun 240Z ya mwaka 1972, viti viwili, boneti ndefu mpaka ukishika usukani huoni pua inaishia wapi. Mjomba alilipenda kwa sababu Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya 1973 kwa gari la aina hiyo. Mimi mwaka huo, 2008, nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, kwa hiyo nikawa msaidizi wake pale uani Maweni.

Mafundi watatu walikuja, na wote walilaumu kabureta, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Ziko mbili, zinalisha silinda sita, na tulizifungua mara nyingi hata vichwa vya skrubu vikalika. Mjomba yeye alishikilia kuwa ni joto: petroli inachemka kabla haijafika. Hakuwa mjinga, maana kwenye injini ile bomba la mafuta linapita karibu sana na manifoldi ya moshi, ile mirija ya moto inayotoa moshi kwenye injini. Akachukua kanga ya mkaza mjomba bila ruhusa, akaipasua, akalizungushia bomba vipande vilivyoloweshwa maji. Gari likazimika Gede vilevile.

Aliyetufumbua macho ni mzee jirani, fundi wa mashine za mashua. "Nyinyi mwatazama mdomo tu, na chakula chatoka jikoni," alisema. "Pimeni mafuta. Na mpime likishazimika, si likiwa zima."

Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilichomoa mpira kwenye kabureta nikauingiza kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Mjomba aling'oa waya wa koili ili plagi zisitoe cheche, akapiga stata. Chupa ikajaa upesi. Tukarudisha kila kitu, tukaelekea Gede, na gari likatuzimikia palepale. Nikamwamuru mjomba atupe sigara, mara yangu ya kwanza na ya mwisho kumwamuru. Akapiga stata tena. Safari hii lilidondoka tone, likafuata povu, likadondoka tone jingine, kama bomba la maji ya mgao.

Nililala chini ya gari. Kati ya tangi na bomba la chuma palikuwa na kipande cha mpira chenye urefu wa shibiri moja. Nje kilikuwa safi, hata klipu zake mpya. Tulipokitoa nyumbani na kukipasua kwa kisu, ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka, inaning'inia kama ulimi. Pampu ikivuta kwa nguvu, ulimi unaziba njia. Gari likipumzika, unarudi mahali pake na petroli inapita. Miezi minane ya kulaumu kabureta!

Muuza duka alitaka kutupa mpira wa maji, tukakataa kwa sababu petroli ingeulainisha upesi. Tulilishusha tangi pia, tukamwaga kutu iliyofanana na makapi ya kahawa, tukaweka chujio jipya. Kabureta tulizisawazisha mwishoni kabisa: mrija sikioni, unasikiliza mvumo wa moja, kisha wa pili, unageuza skrubu mpaka zivume sawa. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, kwani mjomba alikuwa ameongeza mafuta kila gari lilipokohoa. Tukapunguza kidogo kidogo, mpaka zikatoka na rangi ya hudhurungi.

Tulipita Gede. Tukapita Mida. Mjomba hakusema neno mpaka tulipofika daraja la Kilifi.

"Usimwambie mkaza mjomba wako," akasema, "kwamba kanga yake ilikufa bure."