Saiwa kwa Miguu: Kupanga Asubuhi Moja Kinamasini

Mbuga ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa iko kama kilomita 22 kutoka Kitale, kando ya barabara ya Kapenguria. Ni ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya, kilomita za mraba 2.9 tu, na ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini ambaye wengi humwita sitatunga. Gari huishia langoni. Ndani ni miguu tu. Hakuna mlima, na hata nyanya mwenye magoti mazima ataimaliza bila kuhema. Kinachowashinda wengi ni saa.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na muda wa maana ni kati ya hapo na saa 3. Jua likishakaza, nzohe hujilaza katikati ya matete na humwoni tena mpaka alasiri. Kwa hiyo anayetoka Kisumu au Nakuru asijidanganye kwamba ataamka alfajiri na kuwahi. Lala Kitale, au piga hema katika kambi iliyo karibu na lango, na ubebe blanketi la maana: hapa ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku huuma.

Bila gari, panda matatu ya Kitale kwenda Makutano, ushuke njia panda ya Kipsaina, kisha bodaboda kama kilomita 5. Patana na huyo dereva papo hapo saa ya kukurudia. Ada hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, si kwa noti. Maliza malipo ukiwa bado mjini, maana kutafuta mtandao langoni huku jua linachomoza ni kuchoma dakika zile zile ulizozilalia Kitale. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie wiki hiyo hiyo.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Mvua za Trans Nzoia zikianza mwezi wa nne, vijia huwa tope na mbao za madaraja huota utelezi kama sabuni. Hapo ndipo gambuti hufaa. Kiangazi, viatu vya kawaida vyenye meno vinatosha. Kwenye daraja piteni mmoja mmoja, ukanyage pale mbao zilipopigiliwa misumari, yaani juu ya boriti, si katikati ya ubao. Ingiza suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Nguo nyeupe iache nyumbani.

Sasa minara ya kutazamia wanyama. Kosa la kawaida ni kupanda kwa kishindo, kutazama kijani kwa dakika tano, kushuka na kusema hakuna kitu. Panda taratibu, kaa, na ujipe angalau dakika 45. Usiyapekue matete yenyewe, tafuta mianya: nzohe ana njia zake alizozikanyaga, na huonekana anapovuka kutoka mwanya mmoja hadi mwingine. Peleka darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha urudi. Mara nyingi kinachoanza kuonekana ni sikio linalofukuza nzi. Jike ana rangi ya udongo mwekundu na hana pembe. Dume ni wa kahawia iliyokoza, na pembe zake zimejisokota. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana hazami pale ambapo wewe ungezama hadi goti. Akishtuka anaweza kujizamisha akabakiza pua tu juu ya maji, basi mkipiga kelele msimlaumu.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inatosha. Ile ya 10x hutikisika mnarani watu wakisogea, na ukungu wa asubuhi unataka kioo kipana. Beba kitambaa kikavu, kwa kuwa pumzi yako mwenyewe itaifunika lenzi.

Ukishuka, fuata ukingo wa msitu polepole, macho juu. Kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na ukanda wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso, hukaa kwenye miti iliyo karibu na maji, na akikuona haruki, hutulia kama gogo. Ndiyo sababu watu humpita. Shorobo wa Ross ni rahisi zaidi: weusi wenye samawati, mdomo wa manjano, na anaporuka tu ndipo wekundu wa mabawa hutoka.

Asubuhi ikikunyima nzohe, toka ule, urudi mnarani saa 10 jioni. Lango hufungwa saa 12, na njia ya msituni huingia giza mapema kuliko uwanda, hivyo anza kushuka saa 11 na dakika 20 hata kama matete ndiyo kwanza yameanza kutikisika.