Vidole vyeusi, vidole safi: safari ya picha za korosho

Kosta iliondoka Lindi saa kumi na mbili asubuhi. Mingoyo nikashuka njia panda kusubiri gari la kwenda Mtama. Ulikuwa mwezi wa kumi, mabibo yamelala chini ya mikorosho, na harufu yake ya utamu uliochacha iliingia hadi ndani ya gari.

Mtama anaishi bibi aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, yaani kupasua ganda na kutoa punje. Picha zake za kiwandani, ndizo nilizozifuata, anazihifadhi kwenye kopo la biskuti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nawa mikono kwanza, ukaushe."

Ana haki. Jasho la vidole huacha doa lisilotoka, hivyo picha hushikwa pembeni.

Picha ya kwanza ina wanawake safu mbili kwenye meza ndefu, kanga zimefungwa kichwani. Wametulia kwa ajili ya mpiga picha, kwa hiyo nyuso hazisemi mengi. Vidole ndivyo vinavyosema. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi na kuiacha nyeusi. Mbanguaji hujipaka jivu au mafuta ya nyonyo, na bado weusi humganda. Mwenye vidole safi yuko kwenye kumenya ngozi ya ndani au kuchambua punje.

Meza nayo husaidia kukisia miaka. Viwanda vikubwa vya miaka ya 1970 viliwekewa mitambo ya Italia na Japani, ganda likapasuliwa na mashine, wanawake wakabaki na kumenya na kuchambua. Mitambo ile ilivunja korosho nyingi mno, na iliyovunjika bei yake hushuka. Ukiona mwanamke mbele ya kimashine chenye mkono na kanyagio, huo ni ubanguaji wa mmoja mmoja, na hapo mkono wake ndio unaoamua kama punje itatoka nzima.

Picha niliyoitazama muda mrefu zaidi ni ya kumenya: sinia, kisu kidogo, na punje moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Kabla ya hapo korosho hukaa kwenye tanuri la nyuzi 70 hivi kwa muda wa saa 6 hadi 8. Ikitoka mbichi, ngozi ya ndani inang'ang'ania, kisu kinakwaruza na punje inashushwa daraja. Ikikauka kupita kiasi, inakatika. Ikilala usiku bila kufunikwa, inavuta unyevu na ngozi inagoma tena. Ndiyo maana wote wameinama; kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kilo 1 tu ya punje, hivyo kila punje ina thamani.

Nikarudi Mingoyo, nikashika njia ya Mtwara kupitia Mikindani. Mtwara nilioneshwa picha ya ufungashaji. Makopo yanayoonekana humo ni debe lilelile la galoni 4, likibeba pauni 25, yaani kilo 11.34. Hewa huvutwa, kabonidayoksaidi ikaingizwa, tundu likazibwa kwa risasi ya kulehemu. Likivuja, korosho huchacha na kuingiwa na wadudu. Ubavuni pameandikwa W320: punje nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa pauni. Mwanamke mwenye vidole safi ameweka kiganja juu ya mfuniko.

Jioni nilipita kwenye kibanda cha kubangulia. Aliyekaa kwenye kanyagio alinyoosha mkono kunisalimia, akaurudisha, akanipa kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.