Tulivyoacha kutapisha vyoo mtaani kwetu Tandale

Masika ya 2018 nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, Tandale, Kinondoni, Dar es Salaam. Usiku mmoja wa Aprili, mvua imekolea, nikasikia sururu. Aliyelelewa uswahilini anaijua sauti hiyo: jirani anatapisha choo. Kwenye ukuta wa shimo, upande wa uchochoroni, kuna tundu limezibwa kwa tofali na matambara. Mvua ikishika kasi tofali linang'olewa, shimo linajimwaga mtaroni, na asubuhi choo kina nafasi bila mwenye nyumba kutoa hata shilingi.

Gharama anaibeba wa bondeni. Kwetu alikuwa bibi mmoja muuza mihogo, nyumba yake ya mwisho kabla ya Mto Ng'ombe. Alfajiri nilimkuta anakomba uchafu ule sebuleni kwa sahani ya bati, godoro la wajukuu limelowa chapachapa. "Mjumbe mwanangu," aliniambia, "mimi choo changu nimekivuta mwezi uliopita tu." Akaendelea kukomba. Nilirudi nyumbani, chai haikupita. Nilikuwa nakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia hapa hapa Kinondoni kabla ya kusambaa mikoani.

Nilianza na faini. Tuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, tuna sheria ndogo za manispaa. Bwana afya wa kata akaja, watu watatu wakaandikiwa. Mvua iliyofuata wakatapisha tena, ila saa tisa usiku badala ya saa tano. Nikamfuata mmoja wao, mama mjane mwenye vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja. Hakukana. Akanishika mkono hadi uchochoroni kwake, akasema, "Dada, nionyeshe gari la majitaka litapita wapi." Nikanyoosha mikono, viganja vikagusa kuta za pande zote mbili viwiko vikiwa bado vimekunjwa. Mpira wa gari ungeishia nyumba ya tatu. Na gari linalipwa kwa safari, ujaze tangi au uweke robo. Nilikuwa namtoza faini mtu ambaye sikuwa nimempa njia nyingine. Hilo liliniuma kuliko matope.

Januari 2019, kiangazi, nikaanza kuhesabu. Mimi na wajumbe wawili wa mashina tulipita mlango kwa mlango na daftari na fito ya kupimia shimo, pua tumefunika kwa kanga. Tuliuliza mambo manne tu: wapangaji wangapi, choo kilivutwa lini, gari linafika, maji ya mvua yanaelekea wapi. Tandale ilikuwa imeshachorwa 2011 na wanafunzi pamoja na wakazi wenyewe, ramani yake iko wazi kwenye intaneti. Tukachapisha kipande chetu na kupaka nyekundu kila shimo lililobakiza chini ya futi mbili.

Ramani ile niliibandika ukutani kwenye mkutano wa mtaa. Nyekundu zilijaa juu, na mishale ya maji yote ikashuka kwa watu wale wale. Wa juu walinyamaza. Kisha ukazuka ugomvi mkubwa: alipe nani, mwenye nyumba au mpangaji? Saa tatu nzima. Tulikubaliana nusu kwa nusu, na nusu ya wapangaji ikusanywe buku moja kwa wiki kila mlango, ihifadhiwe na kikoba cha akina mama kwa sababu wao tayari walikuwa na daftari lisilo na makandokando na kasha lao la kufuli tatu.

Wa kufanya kazi tulikuwa nao. Vijana wanne wa mtaani walikuwa wakishuka mashimoni kwa miguu mitupu kupakua kwa ndoo, kazi ambayo mtu hapaswi kuifanya hivyo. Walijiunga kikundi wakaomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, katika zile nne zinazotengwa kwa vijana. Maombi yalirudishwa mara mbili kwa sababu ya katiba ya kikundi. Nilikaa nao tukaiandika upya kifungu kwa kifungu. Fedha zilipotoka walinunua pampu ya mkono, mapipa yenye mifuniko, mabuti, glavu na guta la injini.

Siku ya kwanza pampu ilikwama baada ya dakika tano tu. Chupa, matambara, nepi, mifuko. Fundi mchomeleaji akakunja nondo ikawa ndoana, na tangu hapo takataka hutolewa kwanza, ndipo bomba lishushwe. Mapipa hutoka uchochoroni hadi barabarani, nyumba tano au sita hujaza gari moja, nalo linakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka Vingunguti. Kwa kugawana safari, hata yule mama mjane anamudu.

Bado kuna nyumba mbili ambazo wenyewe wanaishi mbali na hawachangii, wapangaji wanabeba yote. Naona ni dhuluma, na barua ya tatu nimeipeleka kwa mtendaji. Vuli ya 2019 ilipiga vibaya. Usiku nikatoka na tochi, nikapita uchochoro mmoja mmoja nikimulika kuta. Kwa mjane, tundu lilikuwa limejengewa kwa saruji.

Na ufunguo mmoja wa lile kasha la kikoba sasa anaushika bibi wa bondeni.