Sahihi namba 14

Jumapili usiku, Sinza.

Mkutano wa mtaa umeisha magharibi. Nimerudi nimemkuta mama uani anakunja nguo. Hakuuliza ghorofa ngapi wala nani kashinda. Kauliza, "Kwa hiyo mwanangu, nguo nitaanika wapi?"

Jua la asubuhi huingia uani kwetu kutoka kiwanja cha jirani. Mzee alipofariki wanawe wakauza, mwembe ukakatwa, na sasa pamezungushiwa mabati ya buluu. Linakuja ghorofa nane, familia 32. Wale wazee walikuwa wanaishi wao na wapangaji watatu.

Mtaani jua siyo hoja. Hoja ni maji taka. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, watu wakapewa viwanja wakajenga wenyewe, pole pole, nyumba za chini. Huku kwetu kila nyumba ina shimo lake. Gari la kunyonya likija, dereva hurudi kinyumenyume toka barabarani huku utingo akigonga bodi, na jirani wa mbele lazima atoe bajaji yake kwanza. Masika chemba yetu hufurika bila msaada wa mtu. Sasa familia 32 zioge alfajiri! Na kwenye ramani waliyoibandika leo, shimo lao limekaa nyuma ya ukuta wa jiko letu.

Tulisema yote hayo. Yule kijana wa mwekezaji akasikiliza kwa adabu, kisha akafungua faili. "Wazee wangu, mbona mlishashirikishwa?" Akainua karatasi: majina, namba za simu, sahihi. Mimi ni wa 14.

Nikakumbuka. Februari walikuja vijana wawili wenye vizibao vya njano, wakakaa chini ya mwarobaini pale kwa mwenyekiti, wakagawa soda za baridi na kupitisha karatasi. "Mahudhurio tu, dada." Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na watakaoguswa wasikilizwe. Sisi tulikunywa soda. Maneno ya juu ya karatasi sikuyasoma. Chupa ilikuwa mkono mmoja, kalamu mkono wa pili.

Hasira zangu nyingi ni za kujikasirikia. Na hata ukitoa hiyo karatasi, mimi siyo mtu safi sana wa kupinga ujenzi. Vile vyumba viwili vya uani vinavyotulipia umeme, mama alivijenga 2009 bila kumuuliza mtu, tukaziba dirisha la huyo huyo mzee marehemu. Alichungulia siku moja, akasema, "Mungu awajalie," akaondoka. Watu wanahitaji pa kuishi, najua; nusu ya wapangaji wetu walikuja na begi moja.

Ila shimo lisogee. Na lijulikane litanyonywa na gari lipi, litapita wapi.

Mwenyekiti katuambia tuandike barua kwa manispaa, yenye sahihi mpya. Nimeiandika sasa hivi, ukurasa mmoja na nusu. Nimempelekea mama na kalamu.

Kaisukuma pembeni, kaendelea kukunja. "Nisomee kwanza. Yote, tangu huko juu."