Ufunguo usidaiwe kabla kazi haijaiva

Jumamosi iliyopita nilikuwa na vijana sita hapa Arua, kwenye chumba cha nyuma ya duka la mama, nikiwafundisha kutengeneza vifurushi vya programu vya Alpine, mfumo mwepesi wa Linux. Kompyuta zetu ni kuukuu, na Alpine haili kumbukumbu nyingi. Wa kwanza kumaliza APKBUILD yake, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, mistari kama ishirini, aliita abuild, chombo cha kukijenga, akasubiri. Ikamjibu kuwa hakuna ufunguo wa siri wa kutilia saini kifurushi, atumie kwanza abuild-keygen kuutengeneza. Akanigeukia: "Dada, ufunguo wa nini? Nataka tu kuona kama inajengeka."

Swali hilo mwaka jana nililijibu vibaya. Kundi lililotangulia lilikwama hapo hapo, umeme unakatika kila mara, nikawagawia ufunguo wangu kwa flashi ili tusonge mbele. Nao ndio niliotilia saini vifurushi vya kompyuta 11 za zahanati ninazozihudumia. Nusu yake ya wazi, ya kuhakiki saini, ilikuwemo kwenye /etc/apk/keys ya kila mashine, na apk, chombo cha kusakinisha vifurushi, haiulizi ni mkono wa nani: saini ikilingana na ufunguo uliomo, inaamini. Kwa hiyo mwenye flashi ile angeweza kuunda chochote, na kikapokelewa kama kazi yangu. Nilipozinduka, flashi haionekani. Mashine nyingi hazina intaneti ya kudumu, basi nikatengeneza ufunguo mpya na kuzunguka Maracha, Koboko na Yumbe kwa taksi na boda, siku nne, nikifuta ule wa zamani kompyuta moja baada ya nyingine. Usiku sikulala vizuri mpaka ya mwisho ilipokwisha.

Kwetu barua ya utambulisho haina nguvu bila muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Lakini barua huandikwa kwanza, ikasomwa, ikarekebishwa, ndipo ikapelekwa kwake. Kama kila anayejaribu kuandika sentensi angetakiwa awe na muhuri mkononi, mihuri ingezagaa mtaa mzima.

Mifumo mingine ya Linux imeliona hili. Makepkg, chombo cha kujenga vifurushi cha Arch, haitii saini mpaka uiombe kwa --sign. Kwa Debian unaandika dpkg-buildpackage -us -uc, yaani jenga bila saini, na kazi inaendelea. Hata apt, chombo cha Debian cha kusakinisha, kwa kawaida haitafuti saini ndani ya kila kifurushi (.deb): inakagua saini ya faili la Release la hifadhi ya vifurushi, lenye heshi (alama inayobadilika faili likiguswa) za orodha za vifurushi, nazo orodha zina heshi ya kila kifurushi. Ulinzi umewekwa mlangoni, mahali ambapo mtu wa nje anapokea.

Hofu ya kwamba watu watasambaza vifurushi visivyo na saini naielewa, na naibeba. Ndiyo maana sitaki apk ilegezwe hata kidogo: iendelee kukataa mpaka mtu aandike mwenyewe --allow-untrusted. Ninachoomba ni abuild ikubali kujenga bila ufunguo, iseme kwa herufi kubwa kwamba kifurushi hakijatiwa saini, basi.

Kwa sasa kila kijana ametengeneza ufunguo wake usio na nenosiri, ambao hakuna atakayeuamini, ili tu chombo kinyamaze. Kazi yao ikikubalika naijenga upya kwenye mashine moja yenye ufunguo halisi, iliyofungiwa kabatini. Funguo ya kabati ninayo mimi, na flashi haiingii humo.