Siku yangu maabarani Lubumbashi: kuinusuru protini isikatwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka Katuba nikiwa nimevaa koti zito, kwa kuwa asubuhi za Juni mjini kwetu zina baridi, nami nataka kuwafikia bakteria waliooteshwa usiku kabla chakula hakijawaishia.

Saa mbili nawahamishia kwenye mchuzi mpya wa virutubisho. Ni E. coli wa aina ya BL21, ambao kwa asili hawana Lon wala OmpT, vimeng'enya viwili vinavyokata protini. Kukosekana kwa OmpT ni faida kubwa, kwa sababu kimeng'enya hicho hukaa kwenye utando wa nje na huweza kuendelea kukata hata seli ikishapasuliwa. Hata hivyo protini yetu, ambayo ni kipande cha kingamwili, hupelekwa kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili za seli, na huko hukutana na DegP, kimeng'enya kingine kinachokata protini.

Saa tano tunashusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 25, kisha tunatia IPTG, kemikali inayoamsha jeni ya protini yetu ili ianze kazi. Mwanafunzi wangu ananiuliza, "Yaya, kwa nini tusiifute DegP kabisa?" Nalipenda swali hilo. DegP si mkasi tu, kwani husaidia pia protini kukunjika sawasawa, na bakteria asiye nayo hushindwa kukua joto likifika nyuzi 42. Ndiyo maana katika DegP tumebadilisha asidi amino ya 210, serini, kuwa nyingine iitwayo alanini, hivi kwamba DegP haikati tena lakini bado inasaidia. Naiona njia hii kuwa bora kuliko kufuta jeni moja baada ya nyingine, maana seli isiyoweza kuondoa protini zilizoharibika huelemewa, na mavuno hupungua.

Saa saba tunakula bukari na sombe haraka, kwani kila saa kuna sampuli ya kuwekwa kwenye barafu.

Saa kumi na mbili jioni jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa na kuzionyesha kama mistari, imeshika rangi ya buluu. Kwa bakteria waliobadilishwa, mistari mingi ya vipande vilivyokatwa imefifia, ila mmoja umebaki palepale. Nashuku Prc, kimeng'enya kingine cha kukata, ambacho hutambua mkia wa protini, yaani mwisho wake. Kukifuta hudhoofisha utando wa nje, hata protini zikavuja. Kwa kuwa Prc hupendelea mikia isiyopenda maji, kesho tutabadilisha kwanza asidi amino za mwisho za protini yenyewe, kabla ya kugusa jeni nyingine ya bakteria.